Samaki kuhema juu ya maji alfajiri

Habari ndugu. Unasema maji ya bwawa ni ya kijani kibichi, samaki wanapanda juu kuhema alfajiri, na saa nne asubuhi wako sawa. Usinunue dawa kwanza, angalia oksijeni.

Ukijani huo ni mwani mdogomdogo unaoelea. Kukiwa na jua unatoa oksijeni nyingi, lakini usiku hautoi, unavuta ileile wanayoitegemea samaki, na bakteria wanaoozesha mabaki kule chini wanavuta pia. Ndiyo maana hali huwa mbaya zaidi kabla ya jua kuchomoza. Pima oksijeni saa hizo, siyo mchana. Ukikuta chini ya miligramu 3 kwa lita, chanzo ni hicho.

Kama huna kipimo, mimi hutumbukiza mkono wima: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi. Simamisha mbolea na chakula, punguza maji ya chini, ingiza mapya yakianguka kutoka juu.

Tazama na mashavu ya samaki, yaani matamvua wanayohemea. Yakiwa ya kahawia, shuku nitriti, sumu inayotokana na uchafu unaooza majini. Hilo siwezi kulithibitisha nikiwa mbali, tuletee picha.