Kilo 230 za tairi si uwezo wa pikipiki

Ndugu uliyeuliza kama pikipiki yako inaweza kubeba kilo 230, namba 57 uliyoiona ubavuni mwa tairi lako la nyuma ni kweli inamaanisha kilo 230, lakini huo ni uzito ambao tairi lenyewe linastahimili likiwa limejazwa upepo ipasavyo, na ndani yake imo sehemu ya uzito wa pikipiki. Kiwango cha kufuata ni uzito wa juu kabisa uliowekwa na mtengenezaji, ambao huandikwa kwenye kitabu cha maelekezo na, kwa baadhi ya pikipiki, kwenye kibati kilicho karibu na shingo ya usukani. Toa humo uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na oili. Kinachobaki ndicho cha dereva, abiria, mzigo na hata keria ya chuma uliyochomelea. Tuseme uzito wa juu ni kilo 270 na pikipiki ina kilo 120: zinabaki 150. Dereva wa kilo 70 akipakia mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, zinazobaki hazimtoshi abiria mtu mzima (barabarani, bila shaka, tunaona mifuko mitatu). Tena mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, usukani huwa mwepesi na tairi la mbele hupoteza mshiko, hata kama kilo hazijazidi.