Namna ya kuisikiliza Mm..Food ya MF DOOM

Ndugu yangu, umeuliza kama Mm..Food, albamu ya pili ambayo rapa MF DOOM aliitoa kwa jina lake hilo la kisanii mwaka 2004, ni mzaha wa vyakula tu. Sivyo hata kidogo. Nakushauri uanze na "Deep Fried Frenz", ambamo rapa huyu wa kinyago cha chuma anawachambua marafiki wanaokuandama kwa maslahi na kukukimbia siku ya shida, kisha uende "Rapp Snitch Knishes", anapowakemea marapa wanaojitangazia uhalifu wao ndani ya mashairi na kuwapa polisi ushahidi wa bure. Gitaa la humo ni tamu mno! Vipande vya sauti za katuni usiviruke, kwani ndivyo vinavyomjenga kuwa adui wa hadithini.