Likizima Majini, Toa Mkono Kwenye Ufunguo

Masika ndiyo kwanza imeanza na video zimeshaanza kuzunguka. Land Cruiser liko katikati ya korongo, maji yamefika kwenye taa, chalii yuko ndani anapiga stata kama anatwanga kisamvu. Nyuma unasikia mwenzake: "Piga, piga, inakaribia kuwaka!" Jamani. Inakaribia kufa.

Wadogo zangu madereva wa watalii mliopewa ufunguo msimu huu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Likizima majini, toa mkono kwenye ufunguo. Mngekuwa mnasikia, ningeishia hapa. 1HZ, injini ya hizi Cruiser zetu, ni dizeli, haina plagi ya cheche ya kulowa. Ikizimika ghafla kwenye maji mengi, chukulia kwanza kwamba imekunywa maji. Pistoni ikipanda hubana hewa zaidi ya mara 20, na hewa inakubali. Maji hayabaniki, kwa hiyo kitakachokubali kupinda ni konrodi, ile fimbo inayoisukuma pistoni. Stata ikigonga "ko!" na kugoma, shukuru. Imekuonya.

2. Usiliburute kwa gia ili liwake. Hili nalijua kwa sababu nimelifanya, na bado linaniuma.

Ilikuwa njia ya Ziwa Natron, mbele ya Engaruka. Mnayajua makorongo yale: wewe uko chini unakula vumbi, mvua inanyesha juu milimani, maji yanakukuta bila salamu. Nikaingia kwa kujiamini kwa sababu nilikuwa na snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu. Nilichosahau ni kwamba kiangazi kile nilikuwa nimeng'oa kile kimpira cha kutolea vumbi chini ya ea klina, boksi la filta ya hewa. Kilikuwa kinaziba, nikaona kinanisumbua, nikakitupa. Kwa hiyo juu kuna bomba refu la kupigia picha, chini kuna tundu. Injini ikavuta maji kupitia tundu, ikazima.

Wageni wanne nyuma, mmoja ananirekodi. Nikapiga stata. Ko. Nikapiga tena. Mwenzangu akaja na gari lake, akanivuta hadi ukingoni, na hapo palipaswa kuwa mwisho wa ujinga. Lakini wageni wanatazama saa, na mimi nina heshima yangu ya kulinda. Nikamwambia, "Kaka, nivute tu, naweka ya pili, naachia klachi." Likagoma, likaserereka, likashtuka, likawaka! Moshi mweupe mpaka hatuonani. Wageni wakapiga makofi. Nikashuka nikainama kama msanii.

Kulikuwa na kamlio, ka-tak-tak kadogo, nikakasingizia noozeli, zile za kupulizia dizeli. Nikaendelea na kazi, hata bosi sikumwambia. Wiki kadhaa baadaye, napandisha kutoka Makuyuni, konrodi ikakatika ikatoboa bloki, oili ikamwagika lami nzima. Fundi mzee kule Unga Limited, Arusha, alifungua injini, akazipanga konrodi zilizobaki mezani bila kusema neno. Moja ilikuwa fupi kuliko wenzake, kwa jicho tu unaiona. Akaniuliza, "Hili liliwahi kunywa maji?" Nikasema hapana. Akanitazama. Nikasema ndiyo. Bosi alikata mshahara wangu mpaka nikasahau ulikuwa shilingi ngapi, na alikuwa na haki.

3. Likishavutwa nje likiwa nyutro, fungua ea klina kwanza. Filta ikiwa kavu, pumua: tafuta umeme au mafuta. Angalia fyuzi, waya wa ile solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, mwaga maji kwenye chujio la dizeli, kisha pampu kwa mkono utoe hewa. Filta ikiwa imelowa, toa hita plagi (za kupashia injini joto) zote sita, zungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya kranki, ndipo upige stata kwa vipande vifupi. Maji yatatoka kama bomba, kwa hiyo usichungulie kwenye matundu. Kuna chalii alichungulia, tukamwosha macho mpaka jioni. Chomoa kipimo cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Mwaga oili, badilisha na filta yake, la sivyo ita wa kukuvuta.

4. Kabla ya kuingia: shuka, vua viatu, tembea. Kama wewe mwenyewe maji yanakusukuma, gari nalo litasukumwa. Toyota wanataja sentimita 70 kwa Cruiser za mfululizo wa 70, na hiyo ni maji yaliyotulia, siyo korongo lenye hasira. Weka gia nzito ya fobai (low), gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, na usibadilishe gia ndani. Mbio zinamwagia maji feni, feni inaweza kupinda ikala rejeta.

Na kusubiri ni bure. Korongo nyingi za kule zinapungua zenyewe. Toa lunch boksi, waonyeshe wageni ndege, wapigie ofisi redio.

5. Ninyi wa kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, mnaotembeza wageni mashambani, zenu ni za petroli na ni rahisi zaidi: toa plagi, mwaga maji ya boksi la hewa, zungusha mpaka yaishe. Ikiwaka lakini haiendi, ni mkanda wa kuendeshea magurudumu umelowa. Fungua kizibo cha chini cha kava lake, weka nyutro, piga resi kidogo ukauke.

6. Difu, ile gia ya kwenye ekseli. Hakuna anayeikumbuka. Difu ya moto ikiingia maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia briza, kile kitundu chake cha kupumulia. Kesho yake fungua nati uangalie oili. Na tafadhali, briza haizibwi kwa gundi kama nilivyoona juzi; inaungwa mpira mrefu mpaka juu kwenye boneti. Mpira huo mnaupata duka lolote la spea, msinipigie saa tano usiku kuuliza bei.