Jibu: Kanda za zamani zatoa sauti nzito tangu nihamie Nyali, Mombasa

Salaam ndugu yangu. Umefungua maboksi, ukazikuta kanda zako za kaseti za R.E.M. na Pixies, zile bendi za roki za Marekani, ila sauti ni nzito na inayumba. Usizitupe! Anza na hedi ya redio, kile kichuma kinachogusa utepe na kuusoma: chovya pamba kwenye spiriti, sugua taratibu mpaka uchafu wa kahawia uishe. Kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe kipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo tu. Kisha peleka kanda hadi mwisho na uirudishe, maana iliyokaa miaka hujibana. Kagua utepe kwenye mwanga: unyevu wetu wa pwani huotesha ukungu, na kanda yenye madoa meupe huchafua redio nzima. Yangu ya Pixies ilirudi safi kabisa, besi ya Kim Deal waisikia peke yake, gitaa la Joey Santiago likikwaruza juu.