Maswali ya Jikoni: Punje za juniperi, ngapi na pamoja na nini

Naishi Stuttgart. Jirani alinipa pakiti ya punje nyeusi zilizoandikwa Wacholderbeeren, yaani punje za juniperi kwa Kijerumani, akasema ni za nyama pori. Nikatia vijiko viwili vya mezani kwenye kilo moja ya nyama ya paa, nikaiacha ichemke saa mbili bila mfuniko. Ilitoka chungu, na mchuzi unanuka kama vanishi ya mlango. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Ujerumani*

Pole sana, maana nyama ya paa si ya bei ya kutupa. Umekosea mahali pawili.

Kwanza ni kipimo. Vijiko viwili vya mezani ni zaidi ya punje 40. Kilo moja ya nyama inataka 6 hadi 8, na ikiwa ni nyama yenye harufu kali sana, kama ya nguruwe pori mzee, 10. Juniperi ni kiungo cha kuhesabu kwa vidole, usichote kwa kijiko.

Pili ni mfuniko. Harufu ya juniperi inatokana na mafuta mepesi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni pinini, ileile inayoupa msonobari harufu yake. Hupanda na mvuke. Sufuria ikikaa wazi saa mbili, harufu nzuri imeshatoka dirishani, na kilichobaki chini ni utomvu na uchungu.

Chukua punje moja uibonyeze kwa ubavu wa kisu. Ikiwa nzima itapasuka kwa shida kidogo, na ndani utaona nyama ya rangi ya hudhurungi inayonata, imezunguka mbegu ngumu ambazo kwa kawaida ni tatu. Ilambe. Kwanza unapata utamu, halafu msonobari, na uchungu unakuja mwisho. Kazi yako ni kuchukua hayo mawili ya mwanzo na kuliacha la tatu.

Mafuta yale hayapatani na maji, lakini huyeyuka vizuri ndani ya samli au mafuta ya kupikia. Kwa hiyo kausha nyama kwanza kwenye mafuta mpaka ipate rangi, itoe. Kaanga kitunguu kilainike, kisha punguza moto kabisa ndipo utie punje ulizoziponda. Koroga nusu dakika, isizidi dakika moja. Harufu ikikupanda puani, rudisha nyama, tia maji au supu, funika, na uache moto mdogo uendelee. Zikiungua kwenye mafuta, zitupe uanze upya, kwani hakuna kiungo kitakachofuta uchungu wake.

Usizisage kwa mashine. Mbegu hubaki mdomoni kama changarawe, na unga wake ni rahisi kuuzidisha. Kama hupendi kukutana na vipande, zifunge kwenye kitambaa cheupe, uzitoe kabla ya kupakua.

Mchuzi uliokwisha kuharibika hauponi kabisa, ila unaweza kuupunguzia makali: uchuje, uongeze supu isiyo na chumvi, kisha krimu mililita 100 na kijiko kimoja cha jemu ya tunda chachu. Wajerumani huweka jemu ya Preiselbeeren, vitunda vyekundu vichachu, kando ya nyama pori, na ukionja pamoja utaelewa ni kwa nini.

Huku kwetu milimani, upande wa Lushoto, mitarakwa ina vipunje vya buluu vinavyofanana kabisa na hivyo vya dukani. Naweza kuvichuma?
*Msomaji, Tanzania*

Tunakuomba usivichume kwa ajili ya chungu. Mtarakwa ni juniperi kweli, *Juniperus procera*, na katika jamii yake ndiyo pekee inayoota yenyewe hadi kusini mwa ikweta. Lakini punje za jikoni ni za kichaka kingine, *Juniperus communis*, cha nchi za baridi. Kuwa ndugu hakutoshi: katika jamii hiyohiyo imo *Juniperus sabina* ya Ulaya, ambayo ina sumu. Kilichozoeleka kuliwa kizazi baada ya kizazi ni *communis*, nasi tunabaki hapo. Mtarakwa uachwe kwenye nguzo za ua, ambako mchwa wanaukwepa.

Kwa majani, *communis* ina sindano zinazochoma, tatu tatu kuzunguka kijiti. Mtarakwa mkubwa una magamba madogo yaliyolala kama ya saipresi. Usitegemee alama hiyo peke yake, kwa sababu mche mchanga wa mtarakwa nao huanza na sindano.

Msomaji wa Muscat aliyeuliza kuhusu juniperi za milima ya Jabal Akhdar, Oman, jibu lako ni hilihili. Na nyinyi mlioko Ulaya mnaochuma porini, nendeni mara ya kwanza na mtu anayekijua kichaka. Punje huchukua kama miaka miwili kuiva, kwa hiyo utakuta za kijani na nyeusi kwenye tawi moja. Chuma nyeusi tu, zenye vumbi jeupe linalofutika kwa kidole.

Nimeletewa pakiti kutoka Ulaya. Nyama pori sina, ila nina mguu wa mbuzi. Zitakubaliana? Na zinapatana na viungo gani vya kwetu?
*Msomaji, Nairobi*

Mbuzi ni chaguo zuri mno, pengine kuliko ng'ombe. Juniperi inataka nyama yenye harufu yake na mafuta yake: mbuzi, kondoo, bata, sungura. Kwenye kidari cha kuku wa kisasa itatawala peke yake, nyama usiisikie.

Kwa mguu wa kilo moja na nusu, weka kwenye kinu chumvi gramu 22, punje 10 za juniperi, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu vipande vinne, majani ya tawi moja la rosemary, na ganda la nusu chungwa, lile la juu tu bila utando mweupe. Anza kutwanga juniperi na chumvi peke yake. Punje zinanata na huteleza chini ya mchi. Chumvi ndiyo inayozikamata. Paka nyama yote, funika, weka kwenye friji saa 12 hadi 24. Siku ya pili tia kwenye trei, uiweke ndani ya oveni ya nyuzi 160 za selsiasi pamoja na maji mililita 300, funika kwa foili isiachie mvuke, saa mbili na nusu hadi tatu. Nyama ikianza kuachia mfupa, toa foili, pandisha hadi nyuzi 200, dakika 20 za kuipa rangi.

Kuhusu kupatana, pilipili manga, rosemary na kungumanga zina baadhi ya mafuta yaleyale yaliyomo ndani ya juniperi, ndiyo maana zikikutana hazigombani. Hata ubani una pinini nyingi. Ukinusa punje iliyopondwa utaukumbuka mara moja. Jani la bay, haradali, kabichi, uyoga, viazi mbatata na tufaha ni marafiki wa zamani. Uchachu ni muhimu: siki, ndimu au ukwaju kidogo hukata ule utomvu ulimini.

Karafuu ipe nafasi ndogo, mbili kwa punje sita, la sivyo utasikia karafuu tu. Tui la nazi hatulishauri kabisa. Utamu na uzito wake hufunika msonobari na kuacha ladha ya dawa ya kifua. Bizari ya manjano nayo tungeiacha nje ya chungu hiki.

Nipo Strasbourg. Napenda kabichi yao iliyochachushwa, lakini sisi hatuli nguruwe wala hatutii mvinyo. Tena nimesikia juniperi ndiyo inayotengeneza jini. Ina pombe?
*Msomaji, Ufaransa*

Punje yenyewe haina pombe. Jini ni pombe iliyotiwa harufu yake, na hata jina lake limetoka kwenye jina la tunda hilo, genièvre kwa Kifaransa.

Kwa kabichi gramu 800, onja kwanza. Ikiwa kali mno, isuuze mara moja na kuikamua. Ukiiosha sana unapoteza kila kitu. Kaanga kitunguu kimoja kwenye vijiko viwili vya mafuta, tia punje sita zilizopondwa, kisha kabichi, jani moja la bay, tufaha moja lililokunwa, na juisi ya tufaha mililita 200 badala ya mvinyo. Funika dakika 40, moto mdogo. Dakika kumi kabla ya kuepua, tia kiazi kibichi kidogo kilichokunwa, kitashika majimaji. Chumvi iwe mwisho, kwa kuwa kabichi imekuja nayo. Weka juu bata wa kuchoma au soseji za ng'ombe zilizokaushwa kwa moshi.

Zinakaa muda gani, na nikizikosa nitie nini?
*Msomaji, Bujumbura*

Zikiwa nzima, kwenye chupa iliyofungwa na gizani, mwaka mmoja hivi. Ibonyeze moja: ikivunjika kama makaa na haina harufu, imekwisha. Ukikosa, tawi dogo la rosemary, jani la bay na pilipili manga chache hukaribia, ingawa ule utamu wa mwanzo hutaupata. Wajawazito na wenye maradhi ya figo wasizitumie.