Re: Niombe uzamili wa utafiti au niachane nao?

Ndugu, umesema alama zako za sayansi ni nzuri ila unaogopa uzamili wa utafiti kwa kuwa waliopita huko wanalalamika. Alama mimi nisingezihangaikia sana. Mtihani una jibu ambalo mwalimu tayari analijua, utafiti hauna. Niliwahi kukaa wiki sita nikirudia kunakili kipande kilekile cha DNA kwa PCR (mbinu ya maabara ya kuzidisha nakala za DNA), na kila jioni jeli ya kuonyeshea DNA ni tupu, hata mstari mmoja hakuna. Kumbe kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili kilikuwa kimeharibika kwenye friza! Jiulize: siku ya ishirini ungeamka na hamu ya kujaribu tena, au ungekuwa umeshaichukia maabara?

Kama hujui, omba kujitolea maabara hata miezi miwili kwanza. Halafu watafute wanafunzi wa msimamizi unayemtaka, uwaulize faraghani: rasimu anazirudisha baada ya muda gani, na wangapi wamemaliza tasnifu kwa wakati? Msimamizi asiyepatikana anakatisha tamaa kuliko somo lenyewe. Ada na posho ulizia pia. Fomu ijaze tu, ukikubaliwa bado unaweza kukataa.