Barua kwa mwanangu: faida ya yadi inakaa wapi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeupata. Unasema kijana wa yadi ya kuuzia magari ya Ngong Road amekutajia shilingi 1,350,000 kwa ile Mazda Demio ya 2018, na ulipomwomba apunguze akakuapia kwamba akishuka zaidi ya 30,000 atauza kwa hasara. Unaniuliza kama anasema kweli, na kama ukimkaza zaidi hutakuwa unamdhulumu.

Unajua nilikaa yadi miaka 11, si nje kwenye magari bali ofisini, nikiandika mikataba na risiti. Basi nakujibu kutoka upande ule wa meza. Huenda kijana anasema kweli. Lakini anakuonyesha mfuko mmoja tu, na yadi ina mifuko kadhaa.

Nianze na bei yenyewe, maana hapo wanunuzi wengi huwaonea wauzaji bila kujua. Sehemu kubwa ya pesa unazolipa haiingii kwa mwenye yadi. Ushuru wa forodha ulikuwa asilimia 25, ukapandishwa hadi 35 mwaka 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc kama hiyo yako, halafu VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya jumla ya hayo yote. Ukipiga hesabu, kila shilingi 100 ya thamani ya gari inazaa kodi ya karibu shilingi 88, hata kabla ya ada ya tamko la uagizaji (IDF) na ile ya reli. Tena KRA, mamlaka ya kodi, haijali mwenye yadi alilipa ngapi kwenye mnada kule Japani. Ina orodha yake ya bei, inakata uchakavu kulingana na umri wa gari, basi.

Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Kaa na kalamu jioni moja. Tafuta gari kama hilo linauzwa ngapi Japani, ongeza nauli ya meli, kodi, gharama za bandari ya Mombasa na kulifikisha Nairobi. Pengo kati ya hesabu yako na bei ya yadi ndilo mnalojadili, si ile 1,350,000 nzima. Na ndani ya pengo hilo kuna pango la kiwanja, mishahara, na riba ya benki kwa pesa zilizolala kwenye gari. Ndiyo maana swali la "lilifika lini?" lina uzito. Gari la wiki mbili halina haraka. Lililokaa miezi mitano linamla mwenyewe, na hapo akikupunguzia mnasaidiana.

Swali la pili: "Hii gari ni yenu ama ni ya mtu?" Magari mengi unayoyaona yamepangwa pale si ya yadi. Mwenye gari ameliegesha akasema, "Mimi nataka 1,150,000, kinachozidi ni chenu." Hapo nafasi ya kupunguza inaweza kuwa pana kuliko unavyoambiwa. Na ukipelekwa na broka, jua chake kimeshaongezwa kabla hujafungua mdomo.

Sasa nikwambie jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nichukue kalamu.

Kuna mwalimu mmoja sijamsahau. Alikuja na daftari la mistari, ameandika humo bei za yadi sita. Alikaa na bosi saa mbili na nusu, gari likashuka kutoka 1,180,000 hadi 1,100,000. Akasimama, akapeana mkono na kila mtu ofisini, hata mimi, kiganja chake kimelowa jasho. Akalipa 500,000. Zile 600,000 zilizobaki akaambiwa atalipa kwa miezi 18, "asilimia mbili tu kwa mwezi". Hilo hakuuliza hata neno. Mimi ndiye niliyepiga chapa mkataba: 45,333 kila mwezi. Ile asilimia 2 ilikuwa ya 600,000 nzima tangu mwezi wa kwanza hadi wa 18, hata pale alipokuwa amebakiza deni dogo kabisa. Riba ikawa 216,000. Angekopa kwenye sacco kwa asilimia 1 ya deni linalobaki kila mwezi, riba yote ingekuwa kama 57,000. Yaani alipigania 80,000 saa mbili na nusu, kisha akaacha 159,000 mezani pangu kwa dakika kumi. Na hiyo ni kabla ya tracker aliyolipishwa ili yadi ijue gari liko wapi mpaka deni liishe.

Nilijua, na sikusema kitu. Nilihitaji ile kazi, nawe ulikuwa kidato cha pili. Mpaka leo nikipita pale naukumbuka ule mkono.

Kwa hiyo ukiambiwa "hii riba ni ndogo", uliza: ni ya deni lote au ya deni linalobaki? Kisha uliza jumla, kwa shilingi, hadi siku ya mwisho. Waandike kwenye karatasi. Kama sacco yako ya Eldoret inakukopesha, maliza nayo kwanza, uje Nairobi pesa zikiwa tayari benki.

Bima nayo usikubali wakukatie hapo hapo kabla ya kuulizia kwingine. Anayekuletea kampuni ya bima hupata kamisheni, na si kosa, lakini uchague mwenyewe. Na ile Vitz yako kuukuu, usiitaje mpaka mmeafikiana bei ya Demio. Wakisema "leta yako uongeze laki tisa", hutajua kama wamekupunguzia jipya au wamekupunja la zamani. Waambie watenganishe: hili ngapi, lile ngapi.

Kuhusu dhuluma uliyoiogopa. Kusema "mimi nina 1,280,000, na hesabu yangu ni hii" si dhuluma. Dhuluma ni kumdanganya kijana kwamba yadi nyingine imekupa gari hilo hilo kwa 1,200,000 wakati haijakupa. Vijana wale hula kwa kamisheni. Nimewaona wakimaliza wiki mbili bila kuuza, wakikopa nauli ya matatu. Usimwambie akuwekee gari hadi Ijumaa kama huna hakika, kwa sababu atamrudisha mteja mwingine. Bei ni maelewano, na wewe mweleweshe kwa ukweli. Ukiona amefika mwisho wake, na hesabu yako inakubali, mwachie faida yake umshukuru.

Kabla ya yote hayo, lakini, hakikisha gari ndilo. Omba kuona cheti cha kuuzwa nje cha Japani. Kina namba ya chesisi na kilomita. Linganisha namba hiyo na iliyo kwenye gari na kwenye logbook, kisha utafute gari hilo kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopo juu yake. Halafu inama utazame pedali ya breki. Niliwahi kuona gari ambalo mita yake ilisoma 62,000, na raba ya pedali imelika mpaka chuma kinang'aa pembeni. Mguu wa mtu hauwezi kufanya vile kwa kilomita hizo.

Amana usitume kwa simu ya mtu. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, upewe risiti iliyoandikwa kama inarudishwa au hairudishwi.

Njoo Ijumaa jioni, ulale hapa Dagoretti Corner. Jumamosi saa mbili tutakwenda pamoja na yule fundi aliyekuwa akitutengenezea ya baba yako. Nimeshamwambia. Mimi nitasoma mkataba, na safari hii nitasema.

Mama yako